Mama Aliyeitikia Mtambo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nimesikia amina chache, za benchi za mbele tu. Nitarudia, maana leo nimesimama hapa kwa habari ya kuitikia, na mtu asiyeitikia atanivunja moyo kabla sijaanza. Bwana asifiwe! Haya, sasa tuko pamoja.

Wengi hapa Kiomboi mnanifahamu kwa sura. Mimi ndiye Damari, yule wa dawati la huduma kwa wateja pale kwenye kampuni ya akiba na mikopo. Mnaniona nikicheka na wazee, mnadhani nilizaliwa hivyo. Sikuzaliwa hivyo. Miaka minne iliyopita nilikuwa mtu ambaye hata mimi nisingependa kukaa naye meza moja.

Kwetu ni Kinyangiri, kule Mkalama. Baba alilala nikiwa darasa la sita, ndugu zangu wawili walikuwa wametangulia, tukabaki mama na mimi. Mama alilima alizeti na uwele, akafuga mbuzi, akanisomesha kwa mikono yake mpaka chuo. Nilipopata kazi Singida mjini, mama alinisindikiza hadi njia panda akiwa amebeba begi langu kichwani. Alikataa nimpokee. Alisema nisifike ofisini nikiwa nimechoka.

Ndugu zangu, kazi niliipenda! Nilianza mapokezi, kuwaelekeza watu wakae wapi. Mwaka wa pili nikapelekwa chumba cha simu. Tulikuwa wanne, kila mmoja na hedifoni yake, tunapokea simu za wateja kutoka wilaya zote. Hapo ndipo nilipojifunza sauti ya ofisi. Mnaijua ile sauti, nyororo, haina kwao, haina njaa wala usingizi. Nilijifunza kuficha Kinyiramba changu kila kilipotaka kuchungulia kwenye maneno. Nikawa hodari mpaka wateja wakawa wanauliza, "Yule dada wa sauti nzuri yuko zamu?"

Kampuni ilipoleta mtambo unaopokea simu wenyewe, wakatafuta sauti ya kuweka ndani yake. Meneja wetu alikuwa Bi Zuhura, mama mmoja wa familia ya wafanyabiashara wa hapo mjini, Mwislamu, mkali lakini wa haki. Akaniteua mimi. Nami nikatoa wazo. Nikamwambia wateja wetu wengi ni watu wazima wa vijijini, na mtu mzima wa huku ukimwanzia habari bila kumwamkia anakuona huna adabu, hata kama wewe ni mashine. Tuanze na shikamoo.

Bi Zuhura akacheka, kisha akakubali. Nikaingia chumba kidogo, nikasema, "Shikamoo, mteja wetu, na karibu. Simu hii inarekodiwa ili tuboreshe huduma. Kwa taarifa za akaunti, bonyeza moja." Nikaendelea hivyo hadi mwisho. Vijana walilalamika kwamba tunawazeesha. Wazee walifurahi kupita kiasi! Wakawa wanauambia mtambo "marahaba". Wengine wakaupa na baraka juu.

Shikamoo ile ilinipandisha cheo. Nikafanywa msimamizi wa chumba cha simu, nikapewa ofisi yangu yenye mlango na kitasa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipopotea, na sikupotelea baa wala kwa mwanaume. Nilipotelea kazini, nikiwa nimevaa vizuri.

Mlango ule ulinitenga. Wenzangu tuliokuwa tunakula wali pamoja kwa mama ntilie, nikitokea wananyamaza. Nilikuwa nimeandika barua za onyo kwa wawili kati yao, sasa wangeongea nini mbele yangu? Nikaanza kununua chakula na kula ofisini nimefunga mlango. Nyumbani nilipanga vyumba viwili, kimoja sikuwahi kukitumia. Jumamosi mchana nilisikia majirani wakiitana waende kusuka nywele, na upepo wa Singida ukipuliza mabati, na mimi nimekaa kwenye kochi jipya ambalo hakuna mgeni aliyewahi kulikalia. Nilikuwa mpweke, ndugu zangu. Nasema wazi kwa sababu najua humu ndani wapo wenzangu. Jumapili moja, mkinicheka chekeni, nilipiga ile namba ya kampuni mwenyewe, ili tu nisikie mtu ananiambia shikamoo. Nikasikia sauti yangu. Nikakata haraka kama mwizi.

Na maombi je? Niliomba. Niliomba kwa sauti ileile ya ofisi, maneno yaleyale, mpangilio uleule, dakika mbili, amina.

Na mama je?

Mama ana simu ndogo ya kitochi. Vocha kwake ni shida, kwa hiyo alikuwa anabipu, mimi nampigia. Mwanzo nilipiga siku hiyohiyo. Baadaye nikasema nitapiga Jumapili. Baadaye Jumapili zikawa zinaruka. Nikawa namtumia hela ya matumizi, nikijiambia kwamba ujumbe wa hela ni salamu tosha. Krismasi ile sikwenda, nilikuwa na ripoti. Nikamtumia kwa basi kalenda ya kampuni, ile kubwa ya ukutani, yenye namba yetu ya bure chini kwa wino mwekundu. Nilijiona nimempa mama zawadi!

Ikaja nafasi ya ukuu wa huduma kwa wateja wa kanda nzima. Kanda nzima, ndugu zangu! Gari, nyumba, safari za Dodoma. Bi Zuhura akaniambia kati yangu na cheo kile kuna jambo moja tu: foleni ya simu. Wateja wenye shida za kweli walikuwa wanasubiri sana, kwa sababu laini zimejaa watu ambao hawana shida yoyote. Wanapiga, hawabonyezi kitu, wanabaki hewani mpaka mtambo unawakata. Akataka nitafute wanaorudia kila siku, niwafungie. Ila kanuni ilikuwa moja: kabla ya kufungia namba yoyote, usikilize rekodi yake, kisha uweke sahihi kwamba umesikiliza.

Nilitoa orodha. Namba kumi na moja. Vijana wa chumba cha simu walikuwa wameshaandika pembeni ya baadhi yake, "kelele", na nyingine, "lugha haieleweki". Nilikuwa na haraka, ripoti ilitakiwa siku ileile. Nikaweka sahihi mara kumi na moja. Sikusikiliza hata moja. Nikazifungia zote kabla ya chai ya saa nne.

Foleni ikapungua. Bi Zuhura akanipongeza mbele ya watu, nao wakapiga makofi yale ya kulazimishwa.

Siku ya tisa, ilikuwa Jumamosi, Bi Zuhura akasema makao makuu wanataka vipande vya rekodi za zile namba, viambatanishwe na jina langu kabla ya kuthibitishwa cheo. Nikabaki ofisini peke yangu mchana, wenzangu wamekwenda kwao. Nikavaa hedifoni. Namba ya kwanza, mzee mmoja alisema marahaba, akakohoa, akakata. Ya pili, redio tu. Ya tatu ilikuwa na maelezo, "lugha haieleweki".

Nikasikia sauti yangu, "Shikamoo, mteja wetu, na karibu."

Halafu nikasikia Kinyiramba. "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Ndugu zangu, ilikuwa sauti ya mama!

Mtaniuliza, hukuijua namba ya mama yako? Sikuijua. Kwenye simu yangu imeandikwa Mama, tarakimu zake sijawahi kuzitazama. Nani hapa anaijua ya mama yake kwa kichwa? Msinijibu, jibuni mioyoni.

Nikasikiliza. Sauti yangu inasema kwa taarifa za akaunti bonyeza moja, mama anasema, "Sawa." Kwa mikopo bonyeza mbili, mama anasema, "Sawa, mama." Mnajua wazazi wetu wanavyotuita mama wakitubembeleza. Mtambo ukanyamaza kumsubiri abonyeze, naye akautumia ukimya ule kunipa habari za nyumbani. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Mvua imenyesha upande wa ng'ambo, kwetu bado. Mtambo ukarudia, akaungoja umalize, kwa adabu, kisha akaendelea. Mwishoni akasema, "Haya, una kazi. Kula." Akakatwa.

Nikafungua ya siku iliyofuata. Na nyingine. Na nyingine. Zilikuwa za miezi, ndugu zangu! Kila asubuhi, baada ya kukamua mbuzi. Alikuwa ananiambia kila kitu. Aliniambia jicho la kulia limeziba ukungu, haoni nalo. Wiki kadhaa mbele akaniambia la kushoto nalo linafuata, sasa anajua mlango kwa mwanga wake tu. Halafu akasema, "Lakini usihangaike, mwanangu. Usije ukaacha kazi." Mtambo ukamjibu kwamba kwa kuongea na mhudumu abonyeze sifuri. Asingeweza kuiona sifuri.

Rekodi ya mwisho ilikuwa ya asubuhi ileile niliyoweka sahihi.

Nikachukua simu yangu, nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikaangalia lini alinibipu mara ya mwisho, nikaona ni siku nyingi, hata sikuwa nimegundua. Nikampigia mwinjilisti wetu wa Kinyangiri, ikaita mpaka ikakatika. Siku tisa! Mtu aliyekuwa haoni, yuko peke yake, nami nimemfungia mlango wa pekee aliobaki nao, nikapigiwa makofi.

Nikapiga magoti pale kati ya meza na kabati la mafaili. Nikafungua kinywa niombe, na mnajua kilitoka nini? "Karibu, nikusaidie nini?" Ndicho kilichotoka! Kinywa changu hakikujua kitu kingine. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikajiziba mdomo. Kisha nikaanza upya, kwa Kinyiramba, kwa maneno ya mtoto niliyofundishwa jikoni kwa mama, maneno ambayo sikuyasema kwa Mungu tangu nilipoingia mjini. Nikasema, Baba, nimekuwa mtambo. Nitoe humu ndani.

Akanitoa, wapendwa! Sikuona nuru wala sikusikia ngurumo. Nililia tu, na kilio kile kilikuwa na lafudhi ya kwetu.

Kesho yake Jumapili nilipanda basi la kwanza, nikashuka njia panda, nikamalizia kwa bodaboda. Njia nzima nilikuwa naangalia kama nitaona watu wamekusanyika nyumbani. Nilipoona uani hakuna watu, sikujua nifurahi au niogope zaidi.

Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mlenda kwa vidole, uso ameuinua juu kama wanavyofanya watu wasioona. Amekonda. Kwenye rafu nyuma yake kulikuwa na kitu kimefungwa vizuri kwenye kipande cha khanga. Ukutani, ile kalenda yangu, bado iko mwezi wa kwanza.

Nikasimama mlangoni. Nikasema, "Shikamoo, mama."

Akaacha kuchambua. Akageuza kichwa, si kwangu, bali kule kwenye rafu, kwenye kile kifurushi. Uso ukamchangamka. Akasema, "Marahaba, mwanangu! Umepona?"

Akangoja kidogo, kwa adabu ileile, kisha akaniambia, bado ameelekea rafu, "Haya, endelea. Sema bonyeza moja."

Ndugu zangu, nilipiga magoti pale kwenye majivu ya jikoni, nikamshika miguu. Alishtuka, akapapasa kichwa changu, akapapasa uso, masikio, akafika kwenye kovu hili la shavuni nililopata kwa jembe nikiwa mdogo. Hapo akajua. Hakunikemea. Angenikemea ningepumua. Aliniuliza kama nimekula.

Baadaye alinieleza. Mwinjilisti ndiye aliyemsomea namba ya kwenye kalenda, akamwekea kwenye kitufe kimoja ili akikishikilia inapiga yenyewe. Na kwa kuwa ni ya bure, haikuhitaji vocha. Asubuhi moja simu ilipoanza kulia tii-tii-tii badala ya shikamoo, alidhani imekufa, akaizima na kuifunga kwenye khanga ili mwinjilisti akirudi safari aitazame. Nikamuuliza kama alikuwa anafikiri ni mimi kweli ninayeongea. Akanicheka! Akasema yeye si mjinga, anajua ni mashine. Lakini mtu akikuamkia shikamoo kila siku, tena kwa sauti ya mwanao, utamnyamaziaje? Adabu gani hiyo?

Jumatatu nilimweleza Bi Zuhura ukweli wote. Kwamba niliweka sahihi bila kusikiliza, na kwamba namba ya tatu ilikuwa ya mama yangu mzazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Damari, pole sana. Lakini cheo siwezi kukupa." Nikamwambia ni haki yake, na ilikuwa haki yake. Wapo wanaosema Mungu angenipa cheo palepale ili ushuhuda uwe mtamu. Hakunipa. Aliniacha nikione kikienda kwa mwingine, na iliuma.

Nilizifungua namba zote kumi na moja. Nikasikiliza rekodi zote mpaka mwisho, halafu nikampigia kila mmoja mwenyewe, bila sauti ya ofisi. Mzee mmoja wa kule kijiji cha Mkiwa, aliyefiwa na mkewe, aliniambia shikamoo ya mtambo wetu ndiyo salamu pekee aliyokuwa anapata kabla ya jua kupanda. Mwingine alidhani namsumbua, akanikatia. Ni sawa, zamu yangu kukatiwa!

Nikaomba kuhamishiwa tawi hili la Kiomboi, niwe karibu. Nikarudi nyuma ngazi mbili, kwenye dawati, kukaa mbele ya watu. Nikamleta mama, akafanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto. Sasa anaona njia, anaona na sura za watu, ingawa anasema wengi hapa Kiomboi aliwadhania wazuri zaidi. Kila asubuhi kabla hatujafungua mlango, mimi na wenzangu wawili tunawapigia wale waliopiga jana bila kubonyeza kitu. Mwaka jana nilifanywa mkuu wa huduma wa tawi. Ni cheo kidogo kuliko kile. Na mwezi uliopita Bi Zuhura alinipigia, nafasi ya kanda imekuwa wazi tena, anataka jina langu. Sijamjibu. Niombeeni, kwa sababu nakitaka cheo kile, na ninajiogopa.

Wala msidhani upweke umeisha wote. Zipo jioni unarudi na kunibisha hodi. Tofauti ni kwamba sasa nikiita, naita kwa sauti yangu, na ninajua yupo anayenisikiliza mpaka mwisho wa rekodi, kila neno, hata lile ambalo watu wameandika pembeni kwamba ni kelele.

Nimalizie. Mama yangu amekaa pale benchi la pili, mwenye kitambaa cheupe. Tunaishi nyumba moja, tunakula sahani moja. Wiki iliyopita asubuhi nilimkuta ameshika ile simu sikioni, anasema marahaba, sawa, sawa mama. Nikamuuliza, "Mama, si mimi niko hapa?" Akaziba simu kwa kiganja ili asisikike, akaninong'oneza, "Wewe upo na mimi. Yule tumemwacha kule peke yake. Nani atamwitikia?"

Ndugu yangu uliyekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili uondoke kabla ya watu kukusalimia, nakujua, nilikaa hapohapo. Mtegemee Bwana. Hajawahi kumfungia mtu namba. Na leo usitoke upesi. Nakushukuru Yesu, nawashukuru ninyi mlionivumilia kusikiliza.

Sasa naomba jambo moja tu, maana kwa miaka mingi niliwaamkia watu nisiowaona na sikubaki hewani kusikia walichonijibu. Shikamooni, wazee wangu.

Nimesimama hapa. Nasubiri mniitikie.